Mtabiri wa bei apimwe kwa makosa yake

KILA msimu wa mavuno unapokaribia, swali moja hutawala vijiweni, magulioni na katika mikutano ya vyama vya ushirika: mwaka huu bei itafika wapi? Majibu hayakosekani. Dalali ana lake, mwenye lori ana lake, mtaalamu kutoka wilayani ana lake, na siku hizi hata simu ya mkononi huleta ujumbe wenye bei ya miezi ijayo.

Mkulima huwasikiliza wote, kisha huamua. Akiambiwa bei itapanda, huweka magunia ndani na kukopa fedha za ada ya shule kwenye VICOBA. Akiambiwa itashuka, huuza shambani kabla mahindi hayajakauka sawasawa. Uamuzi huo mmoja unaweza kumpa bati za nyumba, au ukamwachia deni la kulipa kwa misimu miwili.

Pamoja na uzito huo, ni wachache wanaomuuliza mtabiri swali la pili, ambalo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko la kwanza: msimu uliopita ulikosea kwa kiasi gani?

Makala haya yanaeleza namna ya kupata jibu la swali hilo kwa hesabu ambayo mtu yeyote aliyemaliza darasa la saba anaweza kuifanya kwa kalamu, daftari na kikokotoo cha simu.

Swali la mama wa Babati

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2016, nikiwa ndiyo kwanza nimetoka chuo kikuu, nilikutana na kikundi cha wakulima wa mbaazi wilayani Babati, mkoani Manyara. Bei za misimu iliyotangulia zilikuwa zimewapa moyo. Nikachukua bei hizo, nikachora mstari, nikawaambia kwamba bei itaendelea kuwa nzuri. Nilitaja namba moja tu, tena kwa sauti ya kujiamini. Baadhi yao waliongeza eneo la mbaazi, na wengine waliingia gharama ya kukodi mashamba.

Agosti 2017, India, ambayo ndiyo mnunuzi mkuu wa mbaazi zetu, iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingizwa kutoka nje. Mavuno ya wakulima wake yalikuwa makubwa na bei ilikuwa imeshuka huko huko kwao. Huku kwetu bei iliporomoka, kuanzia Manyara hadi Lindi na Mtwara. Katika kikundi kile wapo walioziacha mbaazi shambani kwa kuwa gharama ya kuvuna ilikuwa kubwa kuliko fedha ambazo wangepata.

Niliporudi, hakuna aliyenitukana. Mama mmoja mtu mzima aliitikia shikamoo yangu, akanipa kigoda nikae, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, hizo hesabu zako ulishazijaribu mahali kabla ya kutuletea sisi? Huwa zinakosea kwa shilingi ngapi?"

Sikuwa na jibu. Niliijua bei niliyotabiri, lakini sikuwahi kupima ukubwa wa makosa yangu.

Ningeweza kujitetea kwamba mimi sikai Delhi na sikuweza kujua uamuzi wa Serikali ya India. Hilo ni kweli, lakini halijibu swali la mama yule. Kama ningekuwa nimezipima hesabu zangu kwa bei za miaka ya nyuma, ningewaambia wakulima wale, "Natarajia bei hii, ila huwa nakosea kwa kiasi hiki." Nao wangepanda mbaazi kwa kiwango ambacho wangeweza kukihimili hata mambo yakienda kombo.

Kosa la utabiri ni nini?

Kosa la utabiri ni tofauti kati ya bei iliyotabiriwa na bei iliyopatikana sokoni. Mtu akisema gunia la mahindi litauzwa shilingi 60,000 na likauzwa shilingi 55,000, amezidisha kwa shilingi 5,000. Likiuzwa shilingi 65,000, amepunguza kwa shilingi 5,000. Hadi hapo hakuna ugumu.

Ugumu huanza pale mtabiri anapokuwa ametoa utabiri mara nyingi. Kuna mwezi alipata, kuna mwezi alikosa kidogo, na kuna mwezi alipotea kabisa. Yeye mwenyewe atakukumbusha ule mwezi aliopata. Mpinzani wake atakukumbusha ule aliopotea. Tunahitaji namba moja inayobeba miezi yote bila upendeleo.

Tuchukue mfano. Namba zifuatazo nimezitunga ili hesabu iwe rahisi kufuata. Si bei za soko lolote. Watabiri wawili, kila mmoja kwa wakati wake, walitaja bei ya gunia la mahindi la kilo 100 mwezi mmoja kabla. Baadaye bei halisi ikaandikwa:

Julai: bei halisi 50,000; mtabiri wa kwanza alisema 56,000; wa pili alisema 52,000.
Agosti: bei halisi 54,000, wa kwanza 48,000, wa pili 52,000.
Septemba: bei halisi 58,000, wa kwanza 64,000, wa pili 60,000.
Oktoba: bei halisi 63,000; wa kwanza 57,000; wa pili 61,000.
Novemba: bei halisi 70,000, wa kwanza 76,000, wa pili 72,000.
Desemba: bei halisi 76,000, wa kwanza 70,000, wa pili 100,000.

Ukiwauliza watu gulioni nani ni bora, wengi watamtaja wa pili. Miezi mitano mfululizo alikosea kwa shilingi 2,000 tu, wakati mwenzake hakuwahi kukaribia zaidi ya shilingi 6,000. Lakini mkulima aliyeweka mahindi hadi Desemba kwa kumwamini huyo wa pili alipigia hesabu ya shilingi 100,000 akakutana na 76,000. Kwa magunia 20, hesabu yake ilipungua kwa shilingi 480,000.

Mitego miwili ya wastani

Njia ya kwanza inayomjia mtu ni kujumlisha makosa na kugawanya kwa idadi ya miezi. Hapo kuna mtego. Mtabiri wa kwanza alizidisha kwa 6,000 mara tatu na kupunguza kwa 6,000 mara tatu. Ukijumlisha pamoja na alama zake za kujumlisha na kutoa, jibu ni sifuri. Ukiishia hapo utasema mtu huyu hakosei kamwe, wakati hakuna hata mwezi mmoja aliopata!

Njia ya pili ni kuziacha alama hizo na kuangalia ukubwa wa kosa tu. Hapo mtabiri wa kwanza anapata wastani wa shilingi 6,000. Wa pili ana 2,000 mara tano na 24,000 mara moja, jumla 34,000; ukigawanya kwa sita unapata takriban shilingi 5,670. Kwa kipimo hiki wa pili anashinda, ingawa kidogo.

Kipimo hiki cha pili si kibaya, na wataalamu wanakitumia. Tatizo lake ni kwamba kinalihesabu kosa la shilingi 24,000 kuwa sawa na makosa kumi na mawili ya shilingi 2,000. Kwenye karatasi ni sawa, lakini kwenye maisha ya mkulima si sawa hata kidogo. Ukikosea kwa shilingi 2,000 utapunguza sukari nyumbani. Ukikosea kwa shilingi 24,000 kwa kila gunia, wakati una mkopo, mtaji unaondoka na msimu unaofuata unalima bila mbolea. Kosa kubwa moja huumiza kuliko makosa madogo mengi yenye jumla ileile.

Hatua nne za hesabu

Kipimo kinachozingatia jambo hilo huitwa kipeuo cha pili cha wastani wa miraba ya makosa. Wataalamu hukifupisha kwa herufi za Kiingereza RMSE. Jina ni refu, lakini ndani yake kuna hatua nne tu:

Kwanza, andika kosa la kila mwezi, yaani bei iliyotabiriwa ukitoa bei halisi.

Pili, zidisha kila kosa kwa lenyewe. Hiyo ndiyo kazi ya kipeo cha pili tuliyofundishwa shuleni.

Tatu, jumlisha majibu hayo na ugawanye kwa idadi ya miezi.

Nne, tafuta kipeuo cha pili cha jibu hilo ili urudi kwenye shilingi za kawaida.

Tufanye kwa maelfu ili namba zisiwe ndefu. Mtabiri wa kwanza: 6 mara 6 ni 36, na ni hivyo kwa miezi yote sita. Jumla ni 216, ukigawanya kwa 6 unapata 36, na kipeuo chake ni 6. Kwa hiyo RMSE yake ni shilingi 6,000.

Mtabiri wa pili: 2 mara 2 ni 4, mara miezi mitano ni 20. Desemba ni 24 mara 24, yaani 576. Jumla ni 596. Gawanya kwa 6, unapata 99.3. Kipeuo chake ni karibu 10. RMSE yake ni takriban shilingi 10,000.

Matokeo yamegeuka. Mtabiri aliyeonekana hodari gulioni ndiye mwenye makosa ya hatari zaidi. Sababu iko kwenye hatua ya pili. Kosa la 24 ni mara 12 ya kosa la 2, lakini baada ya kuzidishwa kwa lenyewe, 576 ni mara 144 ya 4. Aidha, hatua hiyo huondoa ule mtego wa alama, kwa kuwa hasi mara hasi ni chanya.

Kama kikokotoo chako hakina alama ya kipeuo, usikate tamaa. Jaribu kwa kukisia: 9 mara 9 ni 81, ni ndogo, 10 mara 10 ni 100, inakaribia 99.3. Basi jibu ni karibu 10. Kwa kazi ya gulioni hiyo inatosha.

Kuzidisha makosa kwa yenyewe si jambo jipya. Mwaka 1805 mwanahisabati wa Ufaransa, Adrien-Marie Legendre, alichapisha njia ya kutafuta mstari unaopunguza jumla ya miraba ya makosa, akiwa katika kazi ya kukokotoa njia za nyota zenye mkia. Mjerumani Carl Friedrich Gauss alichapisha yake mwaka 1809. Kanuni hiyo iliyoanzia angani ndiyo leo inayopima utabiri wa bei, wa mavuno na wa joto la hewa.

Mtabiri wa bure

Kabla ya kumsifu mtabiri wetu wa kwanza, kuna jaribio moja zaidi. Mlinganishe na mtu asiyejua chochote.

Tuseme mtu huyo kila mwezi anasema tu, "Bei ya mwezi ujao itakuwa kama ya mwezi huu." Hana kompyuta wala hajawahi kupanda lori kwenda Kibaigwa. Kama bei ya Juni ilikuwa 47,000, utabiri wake wa Julai ni 47,000, wa Agosti ni 50,000, wa Septemba ni 54,000, na kuendelea hivyo. Makosa yake kwa maelfu ni 3, 4, 4, 5, 7 na 6. Zidisha kila moja kwa lenyewe: 9, 16, 16, 25, 49 na 36. Jumla ni 151, gawanya kwa 6 unapata 25.2, na kipeuo chake ni karibu 5. RMSE yake ni takriban shilingi 5,000.

Msomaji, umeona? Asiyejua kitu amewashinda wote wawili!

Jambo hili si la mfano wangu tu. Mwaka 1982 Spyros Makridakis na wenzake walichapisha matokeo ya mashindano ya mbinu za utabiri waliyoyafanya kwa kutumia mifululizo 1,001 ya takwimu, nyingi zikiwa za biashara na uchumi. Walikuta kwamba mbinu ngumu hazikuwa lazima zizishinde zile rahisi. Kwa hiyo yeyote anayekuuzia utabiri, awe na kompyuta au asiwe nayo, kwanza aonyeshe kwamba amemshinda mtabiri wa bure. Kama hakumshinda, fedha yako ibaki mfukoni.

Hata hivyo, mtazame vizuri huyo mtabiri wa bure. Makosa yake yote yako upande mmoja: kila mwezi alitaja bei ndogo kuliko ya soko, kwa kuwa bei ilikuwa ikipanda. Hilo ni pendeleo, na RMSE peke yake haikuonyeshi. Ndiyo maana ni vizuri kuandika pia wastani wa makosa pamoja na alama zake. RMSE inakuambia ukubwa wa kosa. Wastani wenye alama unakuambia kosa limeegemea upande gani.

Sasa kuna atakayesema, "Basi tumwongezee shilingi 5,000 kila mwezi." Ukifanya hivyo kwenye mfano wetu, makosa yanabaki 2, 1, 1, 0, 2 na 1, na RMSE inashuka hadi takriban shilingi 1,350. Inapendeza, lakini huo ni ujanja wa mwanafunzi anayefanya mtihani baada ya kuona majibu. Tumejua tuongeze 5,000 kwa sababu tumeshaziona bei za miezi yote sita. Kanuni hiyo ipimwe kwenye miezi ambayo haikutumika kuitengeneza. Januari bei ikigeuka, nyongeza hiyo hiyo itaongeza kosa badala ya kulipunguza. Hapo ndipo mimi nilipojikwaa Babati: mstari wangu ulikaa vizuri kwenye bei za nyuma, nikadhani utakaa vivyo hivyo kwenye bei zijazo.

Vichwa viwili

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Turudi kwa wale watabiri wawili, tuchukue katikati ya namba zao kila mwezi. Julai mmoja alisema 56,000 na mwingine 52,000. Katikati ni 54,000. Ukiendelea hivyo hadi Desemba, makosa kwa maelfu yanakuwa 4 kwa miezi mitano ya kwanza na 9 kwa Desemba. Miraba yake ni 80 kwa ile mitano na 81 kwa Desemba, jumla 161. Ukigawanya kwa 6 unapata 26.8, na kipeuo ni takriban 5.2. Wastani wa wawili umepata RMSE ya shilingi 5,200, ndogo kuliko ya kila mmoja wao.

Mwaka 1907 Mwingereza Francis Galton aliandika habari za shindano lililofanyika katika maonyesho ya mifugo mjini Plymouth. Watu walikisia uzito wa nyama ya ng'ombe dume baada ya kuchinjwa na kusafishwa. Karatasi 787 zilisomeka. Kisio lililoangukia katikati lilikuwa ratili 1,207, na uzito halisi ulikuwa ratili 1,198. Tofauti ilikuwa ratili tisa, yaani kama kilo nne kwa mnyama mzima. Waliokisia walikuwemo wachinjaji na wafugaji, lakini pia watu waliokuja kutembea tu.

Fundisho kwa kikundi cha wakulima ni rahisi. Kabla ya kuamua, kila mwanachama aandike kisio lake bila kuangalia la mwenzake, kisha mchukue wastani. Msianze kwa kumsikiliza mwenyekiti, maana wote mtaishia kumfuata yeye, na hapo vichwa 20 vinageuka kichwa kimoja.

Kuuza au kuweka?

Faida kubwa ya RMSE ni kwamba iko katika shilingi, hivyo inaingia moja kwa moja kwenye uamuzi. Tuseme Julai gunia ni shilingi 50,000. Gharama ya kuliweka hadi Desemba, yaani mfuko usiopitisha hewa au dawa ya kuzuia dumuzi, upungufu wa uzito na riba ya mkopo, ni shilingi 14,000. Kwa hiyo ili usipate hasara, Desemba unahitaji angalau shilingi 64,000. Mtabiri anakuambia itakuwa 75,000. Kwa namba hiyo moja unaona faida ya 11,000 kwa gunia, na huenda ukaweka yote.

Sasa muulize kumbukumbu zake. Akisema utabiri wake wa miezi mitano mbele una RMSE ya shilingi 8,000, basi hesabu ni hii. Kama makosa yake hayaegemei upande mmoja na mengi yamekusanyika karibu na sifuri, takriban mara mbili kati ya tatu bei halisi itakuwa ndani ya RMSE moja, yaani kati ya 67,000 na 83,000. Hapo uko salama. Takriban mara 19 kati ya 20 itakuwa ndani ya RMSE mbili, yaani kati ya 59,000 na 91,000. Chini kabisa ya hapo unapoteza shilingi 5,000 kwa gunia.

Akisema RMSE yake ni 15,000, picha inabadilika. RMSE moja chini ni 60,000, tayari ni hasara ya 4,000. RMSE mbili chini ni 45,000, hasara ya 19,000 kwa gunia. Bei iliyotabiriwa ni ile ile 75,000, lakini huu ni mzigo wa aina nyingine. Mwenye deni hana sababu ya kuubeba wote. Auze kiasi cha kulipa deni na ada, abakishe chakula cha nyumbani, na kile kinachozidi ndicho acheze nacho bahati ya Desemba.

Zingatia kwamba nimesema utabiri wa miezi mitano mbele. Mtu anaweza kuwa hodari wa mwezi mmoja mbele na akapotea kabisa kwa miezi mitano. Kila umbali una RMSE yake, na kwa kawaida kosa hukua kadiri unavyotazama mbali. Anayekuonyesha rekodi ya mwezi mmoja ili ufanye uamuzi wa miezi mitano, anakupimia kwa debe lisilo lako.

Mambo ya kuchunga

Kwanza, vipimo viwe vimoja. Huwezi kutabiri bei ya gunia la kilo 100 kisha ukaandika bei halisi ya lumbesa. Hilo litakuwa kosa la kipimo na utamlaumu mtabiri bure. Vivyo hivyo bei ya shambani isichanganywe na bei ya sokoni.

Pili, usilinganishe mazao kwa RMSE tupu. Kosa la shilingi 6,000 kwenye mahindi yenye wastani wa 61,800, kama katika mfano wetu, ni karibu asilimia 10. Kosa hilo hilo kwenye gunia la maharage la shilingi 200,000 ni asilimia tatu tu. Gawanya RMSE kwa wastani wa bei ndipo ulinganishe.

Tatu, miezi sita ni michache. Bahati huweza kumbeba mtu kwa msimu mmoja. Subiri misimu miwili au mitatu kabla ya kumvika mtu taji.

Nne, kagua daftari. Kwa kuwa kipimo hiki hukuza makosa makubwa, sifuri moja iliyozidi kwa bahati mbaya inaweza kuharibu hesabu yote.

Tano, RMSE haijui kama kuzidisha kunakuumiza kuliko kupunguza. Mfanyabiashara wa nyanya akikisia mauzo makubwa mno, matenga yanaozea kibandani. Akikisia kidogo, anakosa faida ya siku moja tu. Huyu aangalie pia upande wa makosa yake.

Sita, na hili ndilo kubwa, rekodi ya nyuma haina taarifa za tangazo la kesho. Mwaka 2017 Serikali yetu ilizuia kuuza mahindi nje ya nchi, na mwaka huo huo likaja la mbaazi kutoka India. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hofu ya sumukuvu, kisha ikalegeza kwa masharti baada ya siku chache. Hakuna RMSE iliyokuwa na mambo hayo ndani yake kabla hayajatokea. Kwa hiyo ichukulie kama kiwango cha chini cha wasiwasi wako, usiifanye cha juu.

Na utabiri wa mvua?

Wasomaji wengi watauliza kuhusu mvua. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa mwelekeo wa mvua za vuli, masika na za msimu, na wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika wamekuwa wakikutana kutoa mwelekeo wa pamoja tangu 1998. Ukitabiri milimita, RMSE inafaa moja kwa moja. Lakini utabiri wa msimu mara nyingi husema kama mvua zitakuwa juu ya wastani, za wastani au chini ya wastani, na uwezekano wake kwa asilimia.

Kwa utabiri wa namna hiyo kuna kipimo cha ukoo huo huo, alichokitoa mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, Glenn Brier, mwaka 1950. Ukisema uwezekano wa mvua ni asilimia 70 na mvua ikanyesha, kosa lako ni 0.3, isiponyesha, kosa ni 0.7. Unayazidisha makosa kwa yenyewe na kuchukua wastani kama kawaida. Maana yake ni kwamba utabiri wa asilimia 70 haupimwi kwa msimu mmoja. Ukiona misimu kumi iliyotabiriwa kwa asilimia 70, tarajia kama mitatu iende kinyume. Atakayemwita mtabiri mwongo kwa sababu ya mmoja kati ya hiyo mitatu, amemhukumu bila ushahidi.

Anza na daftari

Vifaa vinavyohitajika ni daftari lenye safu nne: mwezi, bei iliyotabiriwa, jina la aliyetabiri, na bei halisi. Utabiri uandikwe kabla, kwa kalamu ya wino, mbele ya mashahidi. Ukiandikwa baadaye, kila mtu atakuwa alishasema. Katibu wa kikundi apige hesabu kila mwisho wa msimu na kuisoma mkutanoni, na safu ya kwanza kabisa iwe ya yule mtabiri wa bure.

Mimi nilianza daftari langu baada ya siku ile Babati. Tangu hapo sijataja bei mbele ya wakulima bila kutaja na kosa langu la kawaida. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilidhani watanidharau. Badala yake mama yule yule alitoa kalamu, akaandika namba zote mbili, akasema, "Sasa hapo tunaweza kuzungumza." Mwaka ule kikundi kiliuza nusu ya mazao mapema, kikaweka nusu.